Siku Niliyofinyanga Mbele ya Watu

Ipo siku moja haijanitoka, mwanangu, na nikiikumbuka hadi leo siwezi kukaa kitini nikatulia. Ni siku Baba Sayi alipotoka nyuma ya nyumba ya Shangazi yangu amebeba mtoto wa udongo, amemweka mbali na kifua chake kama mtu aliyeshika kaa la moto, huku akipiga yowe la kuita kijiji kizima.

Wewe unanijua kama bibi anayefinyanga watu kwenye maonyesho. Umeniona nikiingia uwanjani na karai langu la udongo, ngoma ikipigwa, nami nikicheza huku sanamu inapanda mikononi mwangu mpaka inapata pua na masikio na watu wanaanza kucheka kwa sababu wamemtambua jirani yao. Wenye redio wakija kunihoji huniuliza nilijifunza wapi kuchanganya ngoma na ufinyanzi. Nawajibu kwamba ni kipaji tu. Wanaandika, wanashukuru, wanakwenda zao. Wewe umekuja kukaa kwangu ujifunze, kwa hiyo nitakuambia ukweli, na ukiona nasimama simama usijali. Ndivyo nilivyo tangu utoto. Baba yangu alikuwa akisema mimi nina mchwa miguuni.

Ilikuwa miaka ile ya sabini, muda mfupi baada ya sisi wa Shinyanga kuhamishwa kutoka kwenye kaya zetu na kupangwa vijijini. Zamani kaya yetu ilikuwa peke yake kwenye mwinuko, na jirani wa karibu ukitaka kumwita ilibidi upige kelele. Kijijini tukapangwa mistari, nyumba kwa nyumba. Mtu akikohoa unamsikia. Akichinja kuku unajua. Walituambia itakuwa rahisi kupata maji na shule, na kweli shule ilijengwa, siwezi kusema uongo. Lakini hakuna aliyetufundisha namna ya kuishi tukitazamana uani. Watu walianza kujuana sana kabla hawajazoeana.

Shangazi yangu, dada wa baba, alipewa kiwanja mwisho wa mstari wetu. Watu walimwita Mama Doto, kwa jina la binti yake aliyeolewa Chato. Alikuwa mjane, mfupi, mchapakazi, na mdomo anao. Kazi yake ilikuwa kufinyanga vyungu na mitungi. Alinifundisha kila kitu cha kazi hiyo: kuchimba udongo bondeni, kuuloweka, kuukanda, na kuuchanganya na vigae. Vigae ni vile vipande vya vyungu vilivyovunjika. Unavitwanga mpaka viwe unga, unautia kwenye udongo mbichi. Udongo wenye unga wa vigae hukauka bila kupasuka. Usipoutia, utakikuta chungu chako kina ufa hata kabla hakijaona moto. Alikuwa akichoma vyungu vyake kwa kuni kidogo na mavi makavu ya ng'ombe mengi, na moshi wake, mwanangu, ukikuingia machoni unalia mpaka jioni. Shangazi alikuwa akilizwa na moshi huo tangu usichana wake. Macho yake yalikuwa mekundu kabisa.

Wewe ni kijana wa leo, labda hujui macho mekundu yalimaanisha nini kwetu siku zile kwa mwanamke mzee anayeishi peke yake. Nitakuambia wazi. Yalimaanisha mchawi. Tulikuwa tunasikia habari za vijiji vya jirani, bibi fulani amekutwa amekatwa mapanga kwake, na kila anayesimulia anamalizia kwa kusema macho yake yalikuwa mekundu, kana kwamba hiyo ndiyo sababu na imetosha.

Mimi vyungu vilinichosha. Nasema kwa heshima zote, chungu ni kitu kizuri, lakini ukishafinyanga kimoja unajua cha pili kitakuwaje. Mikono yangu ilitaka watu. Nikiona mtu amekaa, naona jinsi shingo yake ilivyoingia mabegani, na vidole vyangu vinaanza kuwasha. Nilipomfinyanga ng'ombe wetu, Baba alicheka. Nilipomfinyanga yeye mwenyewe amekaa kwenye kigoda chake, aliniambia, "Kabula, binti anafinyanga chungu. Mtu anafinyangwa na Mungu. Nisikione tena kitu hiki hapa." Akakitumbukiza kwenye ndoo ya maji, kikayeyuka.

Nikamkimbilia Shangazi. Yeye hakuwa na hofu hizo. Alinionyesha pembe moja nyuma ya nyumba yake, penye kivuli, akanipa tenga kubwa lililotoboka kitako. "Finyanga unachotaka," akasema, "ukimaliza funika. Kaka yangu akikuta, mimi simo." Alisema hivyo akicheka. Basi pale nyuma ndipo nilipokuwa nafinyanga watu wangu, jioni baada ya shamba, na asubuhi kabla ya kwenda kisimani. Sikuwa natia vigae. Kutwanga vigae ni kazi ya subira na mimi subira sina. Isitoshe sanamu zangu sikuwa nimepanga kuzichoma. Nilifinyanga nikatazama, nikafunika, nikaondoka.

Nyumba iliyopakana na ya Shangazi ilikuwa ya Baba Sayi. Huyo Sayi alikuwa mtoto wao wa kwanza, mdogo bado, mwenye tumbo la mbele na sikio moja lililokunjika kwa juu. Alipenda kuja kukaa kwenye udongo wetu na kujipaka. Nilimpenda sana. Nikamfinyanga amesimama, tumbo mbele, mikono nyuma, kama alivyokuwa anasimama akitaka kuombwa msamaha wakati yeye ndiye aliyekosa. Nikamfunika kwa tenga.

Wiki ile ile Sayi akashikwa na kifua. Alikohoa siku kadhaa, kisha akawa anahema kwa shida, mbavu zinaingia ndani. Mama yake akamfunga mgongoni akampeleka hospitali ya Kolandoto. Baba Sayi akabaki na mifugo, na wasiwasi ukamkaa. Ndipo mbuzi wake mmoja alipoingia nyuma ya kwa Shangazi, na yeye akamfuata, na mbuzi akalipindua tenga.

Nimeshajiweka mahali pake mara nyingi sana, mwanangu. Mwanao yuko hospitali, hujui kama atarudi. Unainua macho unamwona amesimama nyuma ya nyumba ya mwanamke mwenye macho mekundu, mdogo, wa udongo, tumbo lake lile lile. Na kifuani ana ufa. Ule udongo usio na vigae ulikuwa umekauka haraka kwa upepo wa Julai na kupasuka kuanzia begani hadi chini ya mbavu. Mahali pale pale anapoumwa mtoto. Mimi nisingekuwa mfinyanzi, ningepiga yowe kama yeye.

Watu walijaa. Shangazi alikuwa ndani anasonga ugali. Akatoka na mwiko mkononi. Baba Sayi hakumgusa. Alimwekea sanamu miguuni akamwambia, "Mama Doto, mfungue mwanangu." Hivyo tu. Alikuwa analia.

Mimi nilifika nikikimbia. Nikasema kwa sauti, "Ni mimi! Nimemfinyanga mimi, Shangazi hajui kitu!" Nilidhani nikishasema hivyo mambo yamekwisha. Mama mmoja akanishika mkono kwa upole kabisa, akaniambia, "Ng'wanone, mwanangu, tunajua unampenda shangazi yako." Yaani waliniona natetea ndugu. Nilirudia, nikaapa, nikapiga magoti. Kadiri nilivyosema ndivyo walivyonihurumia. Kabula wa mbio mbio, Kabula wa ngoma, ambaye hata vyungu vyake vinaegama upande, ndiye amfinyange mtoto mpaka atambulike? Hakuna aliyekubali. Baba yangu alikuwepo. Alikuwa ameona sanamu yake mwenyewe kwa macho yake na angeweza kusema. Lakini aliogopa wasije wakasema ukoo mzima tuna uchawi, akatazama chini. Nilimkasirikia miaka mingi kwa hilo.

Balozi wetu wa nyumba kumi alituliza watu. Akasema jambo hili si la haraka, tusubiri ngoma ya mavuno iishe Jumamosi, kisha mganga ataitwa aje aseme. Watu wakatawanyika. Lakini kila mmoja wetu alijua mganga atasema nini, na alijua pia kwamba si wote watamsubiri mganga.

Nikamwambia Shangazi akimbie, aende Chato kwa Doto siku hiyo hiyo. Alinitazama kama mtu aliyetukanwa. "Nikikimbia nitakuwa nimekubali," akasema. Akaketi, akavuta kinu, akaanza kutwanga vigae. Alitwanga mchana wote. Hakukuwa na chungu cha kufinyanga, vigae vyenyewe vilishakuwa unga, na bado anatwanga. Mlio ule ulinifuata kila nilipokwenda. Baba alileta kigoda chake akaketi mlangoni pa dada yake na fimbo ya kuchungia. Nilizunguka kijiji kama kuku anayetafuta pa kutagia. Sikuweza kula. Sikuweza kukaa.

Mwishowe nikaenda kwa Manju Jilala. Manju kwetu ni yule kiongozi wa ngoma, mtunzi na mwimbishaji. Mimi nilikuwa mchezaji katika kundi lake. Alikuwa mzee mwembamba, mbovu wa goti moja, na mkali hasa. Nilimkuta anakaza ngozi ya ngoma juani.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Unalia nini?"

"Shangazi, Baba. Nimewaambia ni mimi niliyefinyanga, hawaniamini."

"Watakuaminije?" akasema, na hakuacha kukaza ngozi. "Wamewahi kukuona? Umefinyanga watu nyuma ya nyumba, umewafunika kwa tenga, unatembea unajua peke yako kwamba una kitu. Ulifurahia siri yako. Haya, wenzako wamefunua, na kila mtu ameona lile analoliogopa. Sasa unataka kuwapa maneno. Maneno hata Baba Sayi anayo, tena yake yana mtoto mgonjwa ndani."

Maneno yale yaliniuma kwa sababu yalikuwa kweli. Nilikuwa nimeifurahia siri ile. Nikamuuliza nifanye nini.

"Jumamosi leta udongo uwanjani," akasema. "Finyanga mbele yao."

Wewe hujakulia kwenye ngoma hizi, basi nikueleze. Ngoma ya mavuno ilikuwa mashindano. Makundi mawili yanacheza katika uwanja mmoja, siku moja, kwa wakati mmoja, hili upande huu na lile upande ule. Hakuna jaji wala alama. Watazamaji ndio wanaohukumu, kwa miguu yao. Wakikuchoka wanakuacha wanahamia kwa mwenzako, na jua likizama kundi lililozungukwa na watu wengi ndilo limeshinda. Kwa hiyo manju hutafuta kila kitu cha kuvuta watu. Mwaka ule wapinzani wetu walikuwa na chatu. Chatu mzima, mnene kuliko paja langu, wanacheza naye shingoni.

"Watu watatukimbia, Baba," nikamwambia. "Utashindwa."

"Najua," akasema Jilala. "Usichelewe. Nikianza sikusubiri."

Jumamosi ilipofika nilijitwika karai la udongo mbichi, mzito kiasi kwamba shingo iliniuma siku mbili. Nilikuwa nimevaa njuga miguuni kama wenzangu. Uwanja ulikuwa umejaa, vumbi tayari liko juu, na wauza miwa na karanga wameshapanga vitu vyao. Shangazi alibaki kwake, na Baba mlangoni.

Jilala alituanzisha vizuri. Tulicheza nyimbo za kawaida, na watu walikuwa wengi upande wetu. Kisha akanipa ishara kwa kidevu. Nikaingia katikati, nikapiga magoti mbele ya ngoma kubwa, nikaanza. Mwanzoni hawakuelewa. Niliinua miguu miwili, nikaweka tumbo. Nilipoweka tumbo, mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Ndiye yule!" Na hapo duara likafunguka. Kina mama walivuta watoto wao. Watu walirudi nyuma, kisha wakageuka, kisha wakakimbia. Walikimbilia kwa chatu, mwanangu. Waliona heri nyoka.

Sijui kama nitaweza kukueleza ilivyo kubaki katikati ya uwanja mtupu na udongo mikononi. Nilitaka kuinuka niondoke moja kwa moja, nipite mashamba mpaka nisikojulikana. Miguu yangu yote miwili ilitaka. Lakini nyuma yangu ngoma haikusimama. Jilala aliendelea kupiga kwa uwanja mtupu, na akaanza kuimba akitunga papo hapo, akiwataja wafinyanzi wote aliowajua tangu ujana wake, kila mmoja na chungu alichokifinyanga. Nikafinyanga shingo. Nikafinyanga kichwa. Pua ikaenda upande, nikaifuta nikaanza upya.

Kivuli cha mtu kikaniangukia. Nikainua macho, na alikuwa Mama Sayi. Alikuwa ametoka Kolandoto siku hiyo kwa miguu kuja kuchukua unga na nguo za mtoto, aliyemwacha na wauguzi, vumbi hadi magotini. Njiani watu wameshamweleza kila kitu. Nikasubiri anipige. Nilikuwa tayari kupigwa.

Akainamia sanamu. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka sana, "Sikio siyo hilo."

"Eeh, Mama?"

"Umekunja la kulia. Lake ni la kushoto." Akachuchumaa pale vumbini, akalinyoosha sikio la kulia kwa kidole gumba, akalikunja la kushoto taratibu kabisa, kama anavyolishika kila siku akimwogesha. "Hivi," akasema. Na akabaki amechuchumaa, udongo vidoleni, anamtazama mwanawe. Nikamuuliza anaendeleaje. "Anahema," akanijibu. "Bado kwa shida. Lakini anahema."

Hapo ndipo watu walipoanza kurudi. Mama mwenyewe amegusa, na hakuna kilichotokea. Walikuja mmoja mmoja, kisha kwa makundi, wakitoka upande wa chatu na kusimama mbali mbali. Mlevi mmoja, Mungu amrehemu, akapiga kelele, "Kama kweli ni wewe, nifinyange na mimi!" Nikamchukulia udongo, nikamfinyanga pale pale na tumbo lake la pombe na kofia yake iliyopasuka, mimi nacheza kwa magoti na njuga zinalia, na Jilala amegeuza wimbo anamwimba mlevi. Watu wakaangua kicheko. "Mfinyange balozi!" Nikamfinyanga balozi. "Yule bwana harusi!" Nikamfinyanga. Sijawahi kufanya kazi haraka kama siku ile. Kila sura iliyotoka mikononi mwangu niliona hofu imepungua kidogo kwenye sura nyingine.

Baba Sayi alikuwa amesimama nyuma ya wote. Watu walimpisha, akaja mbele. Hakucheka. Akaniuliza swali moja tu.

"Na ule ufa?"

Nikamwambia udongo huu hauna vigae, unapasuka wenyewe ukikutana na jua na upepo. Nilijua nampa maneno tena. Sikuwa na kingine. Akachuchumaa karibu na mke wake, akakaa. Mimi nikaendelea na kazi, lakini jicho langu lilikuwa kwa mtoto yule wa udongo, ambaye mkono wake mwembamba ulikuwa umeshaanza kupauka juani. Niliomba kwa Mungu apasuke. Fikiria, mwanangu, mfinyanzi anaomba kazi yake ipasuke! Jua lilikuwa limeshuka kiasi pale mstari mdogo ulipojitokeza kwenye kiwiko, ukasogea, ukazunguka, na kipande cha mkono kikadondoka vumbini mbele ya macho yao wote, bila mtu kukigusa. Baba Sayi alikiokota. Alikigeuza geuza. Kisha akakirudisha chini, akainuka, akaenda moja kwa moja nyumbani kwa Shangazi, na watu wote nyuma yake, nasi na ngoma zetu.

Walimtoa Shangazi kwa nyimbo. Walimleta uwanjani katikati yao, kina mama wanapiga vigelegele, balozi anatangaza kwamba shauri limekwisha na hakuna mganga atakayeitwa. Baba Sayi alimwomba radhi mbele ya watu. Shangazi alitabasamu, akapokea mikono ya kila mtu. Jua lilipozama tulikuwa tumezungukwa na uwanja mzima, na chatu wa watu amewekwa kwenye gunia lake. Walinibeba mabegani. Sikuwahi kufurahi vile maishani mwangu, na kwa kweli sikufurahi vile tena.

Sayi alirudi kutoka hospitali mzima. Nashukuru. Lakini hadi leo kuna swali linaloninyima raha: kama mtoto angekufa ile Ijumaa, kabla ya ngoma, ngoma yangu ingesaidia nini?

Shangazi hakumaliza mwezi. Asubuhi moja tulikuta mlango umefungwa kwa kamba, kinu kimegeuzwa, yeye ameondoka kwa basi kwenda Chato kwa binti yake. Hakuaga mtu. Mimi nilikasirika. Niliona amenivunjia heshima. Nimemtoa kwenye mdomo wa kifo, na yeye anaondoka kama mtu aliyefukuzwa. Wakati huo nilikuwa naitwa huku na huku, Geita, Ushirombo, Kahama, kokote kwenye ngoma watu walitaka kumwona binti anayefinyanga watu. Nilikuwa kiguu na njia. Miaka ikapita kabla sijafika Chato.

Nilimkuta anauza mitungi kwa wake wa wavuvi, amenenepa, anacheka kama zamani. Tulikula sato, tukaongea mengi. Nikamsimulia viwanja nilivyocheza na jinsi watu wanavyonishangilia. Kisha, kwa sababu mdomo wangu hautulii, nikamuuliza, "Shangazi, mbona uliondoka? Si walikuomba radhi? Si walikupigia vigelegele siku ile kijiji kizima?"

Akaweka chini bakuli lake.

"Walinipigia," akasema. "Wewe ulikuwa unasikia makofi, Kabula. Mimi nilipokuwa napita katikati yao nilikuwa natazama mikono, nijue ni nani alikuwa ameshanoa panga."

Akaokota bakuli akaendelea kula. Nami nikanawa mikono.

Basi, mwanangu, nasaha zangu ndizo hizi, na sitakuzungusha. Unachofinyanga, kifinyange watu wakuone. Usijipe raha ya kuwa na siri nzuri, maana siku ikifunuliwa huenda si wewe utakayeulizwa. Ataulizwa yule aliyekupa mahali pa kufanyia kazi. Tia vigae kwenye udongo wako hata kama unaona uvivu. Mtu akija kukukosoa sikio, mpishe alikunje mwenyewe, kwa sababu inawezekana anamjua mtu yule kuliko unavyomjua wewe. Na watu wakikujia, wafurahie, lakini usidhani ni wako. Wamekuja kwa miguu yao na kwa miguu hiyo hiyo walikuwa wamekukimbia. Zaidi ya yote, makofi yakiisha, usibaki mabegani kwa watu. Shuka. Mtafute yule uliyemfanyia kazi hiyo, kaa naye, muulize analalaje. Mimi nilichelewa kuuliza, nikauliza vibaya, na jibu nililopata nimelibeba katika kila uwanja nilioingia tangu hapo.

Mungu akupe mikono isiyochoka, mwanangu, na moyo unaogopa kidogo. Akujalie watazamaji, na akujalie pia usiku wa kulala wewe na wote waliokupa kivuli. Nenda kaloweke udongo. Kesho tuna kazi.